Somo: Pombe, uzito na presha, hatua za kuanza nazo kabla ya sikukuu za Desemba

Mwenye presha ya kupanda huulizwa kwanza kuhusu chumvi, na ni haki aulizwe. Hata hivyo, hapa Moshi pombe na uzito huguswa juu juu tu, ilhali vyote viwili hupandisha presha na mara nyingi humkuta mtu mmoja. Pombe huchochea mishipa ya fahamu inayobana mishipa ya damu na kuongeza mapigo ya moyo, nayo mafuta ya tumboni huzielemea figo hadi zikabakiza chumvi na maji ambayo zingeyatoa. Tena gramu 1 ya kilevi ina kalori 7, wakati ya sukari ina 4, kwa hiyo anayekunywa sana hunenepa hata kama sahani yake ni ndogo.

Hatua ya kwanza: pima presha ipasavyo
Nusu saa kabla ya kupima, usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Nenda haja ndogo, kisha keti dakika 5 ukiwa umeegemea, miguu ikikanyaga sakafu bila kukunja nne, na mkono ukiwa mezani usawa wa moyo. Pima mara 2 na uandike namba zote. Mwenye mkono mnene aombe mkanda mkubwa, kwa sababu mkanda mdogo huonyesha namba kubwa kuliko hali halisi; nalisisitiza hili kwa kuwa hupuuzwa sana, na wanaoumia ni wale wale wenye uzito mkubwa. Vipimo vya hospitali vikifika 140/90 au zaidi katika siku tofauti, hiyo ni presha ya kupanda.

Hatua ya pili: hesabu unachokunywa
Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kilevi. Kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, hesabu ni ngumu zaidi, kwani penye kipaimara au msiba kata (kibuyu cha kunywea) huongezwa kabla haijaisha, na jioni mnywaji hawezi kusema alikunywa kiasi gani. Jaza maji kwenye kata unayoitumia nyumbani, uyamimine katika chupa ya nusu lita uone yanafika wapi. Kisha, popote uendapo, usikubali kuongezwa mpaka kata iishe. Kwa wanaokunywa sana kila siku, kupunguza nusu hushusha kipimo cha juu (namba ya kwanza, ile 140 kwenye 140/90, ambayo huhesabiwa kwa milimita za zebaki) kwa wastani wa kama milimita 5.

Hatua ya tatu: pima uzito na kiuno
Gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita, kisha jibu uligawanye tena kwa urefu huo huo. Mwenye kilo 92 na urefu wa mita 1.70 hupata karibu 32. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene. Futi ya fundi cherehani inatosha kupimia kiuno: hatari huanza kuongezeka mwanamume akizidi sentimita 94 na mwanamke akizidi 80. Kila kilo inayopungua hushusha kipimo cha juu kwa takribani milimita 1.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nilipima jioni nikiwa nimekunywa, presha ikawa chini kuliko kawaida. Je, pombe hainisaidii?
Hapana, ndugu yangu. Pombe nyingi hutanua mishipa kwa saa kadhaa za mwanzo, kisha presha hupanda, mara nyingi kesho yake. Pima asubuhi hiyo uone.

Shikamoo mwalimu. Mume wangu ni mwembamba, lakini ana 150/95 na anakunywa kila siku. Inawezekanaje?
Marahaba, mama. Pombe haihitaji unene ili ipandishe presha. Apunguze, naye apimwe figo na sukari.

Nimepungua uzito na presha imeshuka. Niache dawa?
Usiache mwenyewe. Huenda imeshuka kwa sababu ya dawa hizo hizo; peleka namba ulizoandika kliniki, na daktari ndiye atakayepunguza.

Kaka yangu huanza kunywa asubuhi. Tumwambie aache leo leo?
Asiache ghafla akiwa nyumbani. Mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa mara moja, presha hupanda, hutetemeka, na huweza kupata degedege linaloua. Mpelekeni hospitali ya Mawenzi au KCMC kwanza, aachishwe chini ya uangalizi.