Moshi wa turbini ya gesi: namna ya kuupitisha kwenye kichocheo

Vijana wa ufundi hapa Ngamiani huniuliza, "Mzee, moshi wa turbini husafishwaje?" Anzeni na joto, wanangu. Kichocheo cha vanadi, yaani kile kinachoharakisha amonia kuziondoa oksidi za nitrojeni kwenye moshi, hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 300 hadi 400 za Selsiasi. Turbini isiyo na boila nyuma yake hutoa moshi wa nyuzi 500 hivi au zaidi, kwa hiyo uchanganyeni kwanza na hewa baridi. Penye boila, kichocheo hupachikwa katikati ya mabomba yake, moshi ukiwa umeshapoa kiasi.

Sasa mpangilio, na hapa sitaki ubishi. Kichocheo cha platinamu, kinachogeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi, kitangulie. Zifuate pua za kunyunyizia amonia, kisha vanadi. Mkiipitisha amonia kwenye platinamu itaungua na kuzaa zile zile oksidi za nitrojeni mnazozifukuza. Kazi bure!

Amonia ipimwe: molekuli moja kwa kila molekuli ya oksidi ya nitriki, zitoke nitrojeni na mvuke wa maji. Ikizidi hutoroka na moshi. Na mkichoma dizeli yenye salfa, amonia hiyo huungana na salfa na kuganda kwenye mabomba ya boila. Kagueni pua zilizoziba kabla ya kukilaumu kichocheo.

Halafu sisi watu wa pwani tuna adui wetu, chumvi. Sodiamu hulemaza vanadi. Vichujio vya hewa iingiayo kwenye turbini ndivyo huizuia chumvi; msivibadilishe kwa mazoea. Someni kila zamu geji ya tofauti ya mgandamizo kati ya mbele na nyuma ya kichujio, ndiyo iwaambie kimeziba.