Siku ya mafundi Bagamoyo: namna ya kusoma nguo za kale za pwani

Kundi linalofaa kwa safari hii ni watu sita hadi wanane, na wote wawe wanashona. Mkizidi hapo, wa nyuma hawataona kitu. Epukeni Ijumaa, kwa sababu wazee mnaotaka kukaa nao mchana watakuwa msikitini. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 70 hivi, lakini kinachochelewesha ni foleni ya kutoka mjini, kwa hiyo ondokeni kabla ya saa 1 asubuhi.

Mjue mapema kwamba hamtakuta makabati yaliyojaa kanzu za karne ya 19. Unyevu wa pwani huleta ukungu, wadudu hufuata wanga uliotiwa kwenye nguo, na zamani kanzu iliyochakaa ilikatwa ikawa nepi, halafu tambara la kufutia. Kilichosalia kipo sehemu mbili: kwenye picha za makumbusho na kwenye masanduku ya familia. Siku yenu igawanyeni hivyo, asubuhi picha, mchana nguo zenyewe.

Kila wawili wabebe penseli mbili, karatasi za miraba, futi kamba laini, kioo cha kukuzia mara 10 na shuka jeupe safi la pamba. Tengenezeni pia kadi ngumu iliyotobolewa dirisha la sentimita 1 kwa 1. Kalamu ya wino ibaki nyumbani. Tone moja la wino likiangukia nguo ya bibi wa mtu halitoki, na hata likitoka litaondoka na rangi ya kitambaa.

Anzieni makumbusho ya Misheni Katoliki, misheni iliyoanzishwa mwaka 1868. Ulizeni mlangoni kama picha zinaruhusiwa, na mzime mwanga wa kamera hata kama hamkuambiwa. Kabla ya kuchora chochote, kumbukeni jambo moja linalopotosha mafundi wengi: sahani za kamera za karne ya 19, yaani vibao vyenye dawa vilivyonasa picha, ziliona sana buluu na karibu hazikuona nyekundu. Nguo ya buluu ya wastani hutokea nyeupe, na nyekundu hutokea nyeusi. Kwa hiyo mwanamke anayeonekana amejitanda nguo nyeusi tii huenda alivaa nyekundu, na kitambaa chenye nyekundu na nyeusi huonekana kama rangi moja tu. Rangi msiziandike kutokana na picha. Andikeni umbo, urefu, mikunjo na mahali mshono ulipo. Wapiga picha wa studio nao waliwavika watu nguo za studio, kwa hiyo zulia na pazia nyuma ya mtu ni sababu ya kutilia shaka alichovaa.

Vipimo vya picha vichukueni kwa uwiano. Nyosha mkono, shika penseli wima, pima kichwa cha mtu kutoka utosi hadi kidevu, kisha hesabu vichwa vingapi vinaingia kutoka bega hadi pindo la chini, na vingapi kwenye upana wa mkono wa kanzu. Mkikuta nguo ndani ya kabati, msiipime kwa futi kamba juu ya kioo: nguo iko nyuma ya kioo, na vipimo vitatoka vidogo kuliko ilivyo.

Mkiwa hapo hapo mtasimuliwa habari ya mwili wa David Livingstone, uliofikishwa Bagamoyo Februari 1874 na wahudumu wake Susi na Chuma pamoja na wenzao. Fundi aisikilize kwa sikio lake: mwili ulifungwa kwa kitambaa cha pamba, ukatiwa ndani ya gome la mti, kisha ukashonewa turubai la tanga. Misafara iliyotoka mji huu kwenda bara ilibeba nguo kama fedha. Merikani ilikuwa pamba isiyopaushwa, na jina lake linatokana na Marekani ilikotoka. Kaniki ilikuwa pamba iliyotiwa nili, rangi ya buluu iliyokoza. Shuka moja ilikuwa mikono minne, yaani yadi 2 hivi, na shuka mbili zikawa doti. Ndiyo maana mpaka leo kanga mnainunua kwa doti.

Mchana kuleni mapema, halafu nendeni kwa mwenyeji wenu. Aliyekubali kufungua sanduku aombwe siku kadhaa kabla, na aombwe na mtu anayemfahamu. Mkifika ni shikamoo bibi, shikamoo mzee, habari za nyumbani, na kilo ya sukari na majani ya chai mkononi. Nguo isitajwe mpaka yeye aitaje. Osheni mikono, ikausheni, vueni pete na bangili, na aliyejipaka mafuta au udi wa maji asiguse. Tandikeni shuka jeupe juu ya meza au mkeka, nguo ilale juu yake. Isitundikwe, kwa sababu mshono wa bega uliochoka hukatika kwa uzito wa nguo yenyewe.

Kanzu ya zamani isomeni kwa vipande. Badani ndiyo mbele na nyuma, kitambaa kilichonyooka. Pembeni kuna taharizi, vipande vinavyopanuka kuelekea chini. Vilihitajika kwa sababu kitambaa kilikuwa chembamba na badani peke yake isingemwacha mtu apige hatua. Pimeni upana wa badani kutoka mshono hadi mshono, na mtazame kama ukingo wa kiwandani umebaki ndani. Ukibaki, mmepata upana halisi wa jora lililotumika. Tazameni begani: pasipokuwa na mshono, kitambaa kilikunjwa pale. Chini ya mkono kuna kikwapa, kipande kidogo kinachomwezesha mtu kuinua mikono kwenye takbira bila kanzu nzima kupanda. Ndani ya shingo kuna kaba, na nyuma ya mpasuko wa kifua kuna lisani. Kaba ndiyo inayobeba darizi. Bila hiyo, nyuzi nyingi juu ya pamba nyembamba kama melimeli au bafta huvuta kitambaa kikakunjamana.

Halafu geuzeni upande wa ndani. Mshono wa mkono haulingani nafasi, hata wa fundi hodari. Wa cherehani hulingana, na kwenye cherehani ya kawaida huonekana sawa pande zote mbili. Lakini cherehani si alama ya nguo mpya: Singer alipata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1851. Uzi unaong'aa kama plastiki ni matengenezo ya baadaye, basi uandikeni pembeni na msiutumie kukisia umri wa nguo nzima. Wekeni kadi juu ya kitambaa, hesabuni mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, ndani ya dirisha, mahali patatu, mbali na ukingo kwa sababu pale nyuzi zimebanana. Jaribio la kuchoma uzi ili kujua aina yake msilifanye kabisa.

Jaribuni kushona kanzu ya namna hiyo nyumbani ndani ya wiki moja, michoro ikiwa bado ina maana kichwani. Tumieni pamba ya bei nafuu iliyokwisha kufuliwa. Kikwapa kianze na mraba wa sentimita 12 pamoja na sentimita 1 ya mshono kila upande. Kwenye kila kona simamisheni sindano sentimita 1 kabla ya mwisho. Mkipitiliza, kona hujikunja na baadaye huchanika hapo hapo. Upande wa taharizi uliokatwa mshazari uwe chini na badani iwe juu, ili meno ya cherehani yaumeze ule ulegevu. Mkiweka kinyume chake, mshono utakuwa na mawimbi. Kisha tundikeni kanzu usiku mzima kabla ya kupima pindo, kwa sababu mshazari hushuka, na pindo lililokatwa siku hiyo hiyo huning'inia pembeni.