Fanksheni ya Postgres inagoma ukiipa 1 na 2.5? Fanya hivi

Umeandika fanksheni yako safi kwenye PostgreSQL (programu ya hifadhidata, kwa kifupi Postgres), inarudisha namba kubwa kati ya mbili, ukaweka anyelement ili ipokee taipu yoyote:

```
CREATE FUNCTION kubwa(a anyelement, b anyelement)
RETURNS anyelement LANGUAGE sql
AS 'SELECT CASE WHEN a > b THEN a ELSE b END';
```

kubwa(1, 2) poa, ila kubwa(1, 2.5) inakutupia erori eti `function kubwa(integer, numeric) does not exist`, na fanksheni unaiona ipo hapo hapo! Mimi mara ya kwanza nilidhani nimekosea skima, nikazunguka weee.

Kumbe anyelement inapokea taipu yoyote lakini zote lazima ziwe ileile, kwa hiyo Postgres hapo haijisumbui kugeuza integer (namba kamili) iwe numeric (namba yenye desimali) japo kwingine inageuza yenyewe bila kuombwa. Hata varchar na text, zote za maandishi, zinagoma. GREATEST(1, 2.5) inapita kwa sababu ile si fanksheni ya kawaida, ina sheria zake.

Dawa ya haraka ni kukasti mwenyewe, yaani kubadili taipu kwa mkono, kubwa(1::numeric, 2.5), basi. Ila kama una vesheni 13 kwenda mbele usijitese, futa ya zamani:

```
DROP FUNCTION kubwa(anyelement, anyelement);
```

halafu iandike upya, kila penye anyelement weka anycompatible (yenyewe inageuza taipu zinazoendana ziwe moja), hata kwenye RETURNS. Hiyo DROP usiiruke, maana CREATE OR REPLACE haigusi ya zamani ukishabadilisha taipu za agumenti, utabaki na mbili za jina moja. Sasa jaribu `SELECT pg_typeof(kubwa(1, 2.5))`, utaona numeric.

Angalia na kwote. kubwa(1, '2') inapita kwa sababu kilicho ndani ya kwote hakina taipu bado, kinafuata ya mwenzake. Sasa weka kubwa(1, '2.5') uone inavyolipuka, `invalid input syntax for type integer`, na hapo anycompatible haikuokoi, toa tu kwote.

Vesheni 14 imehamishia lag (inayoleta thamani ya mstari uliotangulia) na array_append (inayoongeza kitu kwenye array) huko huko kwenye anycompatible, so lag(bei, 1, 0) ambapo bei ni numeric inakubali, wakati 13 ilikuwa lazima uandike 0::numeric. Ila kama una agrigeti yako (fanksheni inayokusanya mistari mingi kuwa jibu moja) uliyoijenga juu ya array_append, kwa kuwa taipu za array_append zimebadilika, idrop kabla ya kuapgredi kisha uitengeneze upya ukiwa 14.