Injini ndogo ya silinda inayobembea: vipimo na uungaji

Injini hii inaendeshwa kwa hewa ya kompresa, na haina vali. Silinda inabembea kwenye pini, na tundu lake linakutana kwa zamu na matundu mawili ya ukuta (bamba linaloibeba silinda): la kuingiza hewa na la kuitoa. Ugumu wote uko hapo.

1. Silinda: shaba ya njano, mm 20 × 25 × 40. Ifunge kwenye chaki ya meno manne ya mashine ya kukereza, toboa mm 11.7, malizia kwa rima (kifaa cha kusawazisha tundu) ya mm 12. Upande wa pini acha unene wa mm 8, ili uzi wa pini wa M4 (keekee 3.3, kina 6) usitokee ndani. Pini ikae mm 18 kutoka kichwani. Ukinunua shaba chakavu hapa Mwanza, chagua nondo. Koki za kuyeyushwa mara nyingi zina vitundu vinavyovujisha.

2. Pistoni: urefu 12, kipenyo 11.98. Kutoka kitako chake hadi katikati ya tundu la fimbo yake (linaloingia pini ya krenki) ni mm 41. Krenki (mkono unaozungusha shafti): pini iwe mm 10 kutoka katikati ya shafti.

3. Ukuta: alumini ya mm 10. Kutoka pini ya silinda hadi shafti, mm 50 kamili. Tundu la silinda, 2.5, likae mm 15 juu ya pini. Krenki ikizunguka, tundu hilo linasogea mm 3 kila upande (10 ÷ 50 × 15), kwa hiyo matundu ya ukuta, nayo 2.5, yakae mm 3 kushoto na kulia kwa mstari wa katikati. Usiyapanue hadi 3.5: silinda ikiwa wima, tundu lake litagusa yote mawili, hewa ipite moja kwa moja.

4. Sugua nyuso zinazogusana za silinda na ukuta kwa msasa namba 600 wenye oili, juu ya kioo. Funga kichwa cha silinda kwa gasketi ya karatasi, kisha springi na nati kwenye pini, na flaiwili (gurudumu zito) ya mm 60 kwenye shafti.

Maswali na majibu

Fundi, injini inapuliza hewa tu, haizunguki.
Ziba tundu la silinda kwa kidole, vuta pistoni. Ikirudi yenyewe, silinda ni nzima. Tatizo ni uso usio bapa au springi legevu.

Inazunguka kinyume.
Hamishia mpira wa hewa kwenye tundu la pili.

Niko Kirumba, Mwanza, shafti inaota kutu.
Hewa ya ziwani ina unyevu, na kompresa inaukusanya kuwa maji. Fungua koki ya chini ya tangi kila siku, weka tone la oili kwenye mpira. Na punguza presha: bar 1 inatosha.

Naweza kutumia mvuke?
Injini inaweza. Boila ya kopo usijaribu kabisa. Boila yoyote inahitaji vali ya usalama na kupimwa kwanza kwa maji, kwa presha mara mbili ya ile ya kazi.