Kuchagua saini ya kielektroniki itakayokubaliwa na msajili wa kampuni ukiwa ughaibuni

Wengi wetu tunaoishi nje na kuendesha kampuni, iwe huku tuliko au nyumbani Afrika Mashariki, huanza kutafuta saini ya kielektroniki kwa kuulizana ni programu gani iliyo rahisi na yenye bei nafuu. Ningependa tuanze kwingine. Swali la kwanza ni nani atakayeipokea hati hiyo na sheria inayomwongoza inadai saini ya namna gani, kwa sababu saini inayotosha kabisa kwenye mkataba wa kupangisha ofisi inaweza kukataliwa siku hiyo hiyo na msajili wa kampuni, nawe ukawa umeshalipia huduma ya mwaka mzima.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, jambo hili linaongozwa na kanuni ya mwaka 2014 iitwayo eIDAS, ambayo sehemu yake kubwa ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2016. Kanuni hiyo inatofautisha saini za ngazi tatu. Ya kwanza ni saini ya kawaida, yaani jina ulilolichapa chini ya barua pepe, picha ya saini yako uliyoibandika kwenye PDF, au mchoro ulioufanya kwa kidole kwenye simu. Mahakama haiwezi kuikataa kwa sababu tu ni ya kielektroniki, lakini ikibishaniwa, ni juu yako kuonyesha kwamba ilitoka kwako. Ya pili ni saini ya hali ya juu, ambayo lazima ifungamane na mtu mmoja tu, imtambulishe, iwe imetengenezwa kwa nyenzo zilizo chini ya mamlaka yake peke yake, na iunganishwe na hati kwa namna ambayo badiliko lolote la baadaye litaonekana. Ya tatu ni saini iliyoidhinishwa, ambayo ni saini ya hali ya juu iliyowekwa kwa kifaa maalumu na kwa cheti, yaani faili la kidijiti linalothibitisha saini ni ya nani, kilichotolewa na mtoa huduma anayesimamiwa na serikali. Ni hii ya tatu peke yake ambayo kanuni inaipa nguvu sawa na saini ya mkono, na ikitolewa katika nchi moja mwanachama hutambuliwa kuwa saini iliyoidhinishwa katika nchi nyingine zote wanachama.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kampuni nyingi zinazouza huduma za kusaini hutoa ngazi zote tatu ndani ya dirisha moja, na usipochagua mwenyewe, mara nyingi utapewa ile ya kawaida. Kila nchi mwanachama huchapisha orodha ya watoa huduma walioidhinishwa, nayo Tume ya Ulaya imeziweka orodha hizo pamoja kwenye tovuti yake, bila malipo. Tafuta jina la mtoa huduma humo, lakini usiishie kwenye jina. Angalia ameidhinishwa kwa huduma ipi, kwa sababu anaweza kuwa ameidhinishwa kwa mihuri ya muda (ile inayoonyesha hati ilisainiwa lini) au mihuri ya makampuni bila kuidhinishwa kutoa vyeti vya saini za watu binafsi.

Hata saini iliyoidhinishwa si ufunguo wa kila mlango. Ujerumani, kwa mfano, maombi yanayopelekwa kwenye daftari la biashara hupitia kwa mthibitishaji rasmi (notari), kwa hiyo saini uliyonunua mtandaoni haiwezi kuchukua nafasi yake. Unafuu uliopo ni kwamba tangu tarehe 1 Agosti 2022 kampuni ya GmbH, yaani kampuni ya huko yenye dhima ya kikomo, inaweza kuanzishwa mbele ya mthibitishaji huyo kwa njia ya video. Estonia iko upande wa pili kabisa: mpango wake wa ukaazi wa kidijiti ulioanza Desemba 2014 humpa mtu wa nchi nyingine kadi yenye chipu na namba mbili za siri, moja ya kuingilia na nyingine ya kusainia, na kwa kadi hiyo anaweza kusajili na kuendesha kampuni ya huko bila kwenda kwenye kaunta ya msajili. Isichanganywe na viza, maana haimpi mtu haki ya kuingia wala kuishi Estonia. Uingereza, anayewasilisha taarifa mtandaoni kwa Companies House, msajili wa kampuni wa huko, hutumia msimbo wa siri wa kampuni badala ya saini, na tangu tarehe 18 Novemba 2025 wakurugenzi wanatakiwa pia kuthibitisha utambulisho wao. Marekani haina ngazi hizi. Sheria yake ya shirikisho ya mwaka 2000 hutazama nia ya mtu kusaini na haichagui teknolojia, ingawa kila ofisi ya serikali inaweza kuwa na utaratibu wake.

Kwa nyaraka zinazokwenda nyumbani, sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, Uganda ina Sheria ya Saini za Kielektroniki ya mwaka 2011, na Kenya, ambayo iliingiza saini hizi katika sheria yake ya habari na mawasiliano kwa marekebisho ya mwaka 2009, ilipanua matumizi ya saini ya hali ya juu kwa marekebisho ya sheria za biashara ya mwaka 2020. Hata hivyo, sheria kuitambua saini ni jambo moja, na mfumo wa msajili kuipokea ni jambo jingine. Katika mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania, na ule wa usajili wa kampuni wa Kenya, utaratibu uliozoeleka umekuwa kujaza taarifa mtandaoni, kuchapa fomu inayotolewa na mfumo, kuisaini kwa kalamu, kuiskani na kuipakia. Ukielekezwa hivyo, fanya hivyo hivyo, hata kama una cheti bora kuliko vyote vya Ulaya. Na kumbuka kwamba cheti hicho hakipati hadhi yake ya Ulaya moja kwa moja kikifika Dar es Salaam au Nairobi, wala cha Nairobi hakiwi saini iliyoidhinishwa kikifika Brussels. Utambuzi huo unahitaji makubaliano kati ya pande hizo au uamuzi rasmi wa upande unaopokea.

Kabla ya kulipia cheti chochote, tazama jina lako. Sisi tunabeba majina matatu, la kwetu, la baba na la babu, na mara nyingi kadi ya ukaazi imeyagawa tofauti na pasipoti, au imeacha moja. Cheti kitabeba jina lililo kwenye kitambulisho ulichotumia kujitambulisha. Likitofautiana na jina lililo kwenye daftari la kampuni, afisa anayepitia maombi anaweza kuona watu wawili mahali penye mmoja. Kwa hiyo jitambulishe kwa kitambulisho kile kile ulichotumia kusajili kampuni.

Kuna kosa moja ambalo lilitugharimu wiki mbili na ambalo sitaki limpate mwingine. Tulikuwa wakurugenzi watatu katika nchi mbili, tukasaini muhtasari wa kikao kwa saini iliyoidhinishwa, kila mmoja kwa zamu, vizuri kabisa. Mhasibu wetu, akitaka kurahisisha kazi, akaunganisha muhtasari ule na viambatisho vyake kuwa faili moja la PDF, kisha akaupeleka. Kwa macho hakuna kilichobadilika: majina matatu, tarehe tatu, na nembo ya mtoa huduma pembeni. Lakini faili lile halikuwa na saini hata moja ndani yake, zilibaki picha zake tu, nalo likarudishwa. Kuunganisha faili, kulichapa na kuliskani upya, au kulihifadhi upya kwa programu nyingine kunaweza kuiua saini. Hati ikamilike kwanza, pamoja na kurasa zote, ndipo mtu wa kwanza asaini.

Ukishasaini, fungua faili kwenye Acrobat Reader, programu ya kusomea PDF, na uende kwenye sehemu ya saini. Usiridhike na alama ya kijani. Soma jina la mwenye cheti, aliyekitoa, kama maelezo yanataja saini iliyoidhinishwa, na kama hati haijabadilishwa tangu iliposainiwa. Hakikisha pia kuna muhuri wa muda kutoka kwa mtoa huduma, kwa sababu vyeti huisha muda, na miaka kadhaa baadaye utahitaji kuonyesha kwamba chako kilikuwa hai siku uliposaini. Namba ya siri ya kusainia usimpe mhasibu wala ndugu anayekusimamia nyumbani, hata kwa siku moja ya haraka. Akisaini kwa namba yako, sheria itaona umesaini wewe. Kama ni lazima mtu akuwakilishe, mwandikie hati ya uwakilishi ili asaini kwa jina lake mwenyewe. Faili lenyewe lililosainiwa, si nakala uliyoichapa, ndilo la kutunza pamoja na risiti ya kuliwasilisha.