Kalkulasi na fizikia bila mwalimu

Nilipoingia kidato cha tano, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), tulikaa muhula mzima bila mwalimu wa fizikia. Nilichofanya ndicho hiki.

Rudi kwanza kwenye aljebra na trigonometria. Wengi hukwamia kwenye kalkulasi (calculus) kwa sababu sehemu na mabano bado vinawasumbua. Chukua mfano uliofanywa kitabuni, funika jibu kwa daftari, ukokotoe mwenyewe. Ukikwama, funua mstari mmoja tu, kisha funika tena. Kusoma kwa macho kunadanganya sana.

Fizikia iguse kwa mikono. Nilifunga jiwe dogo kwenye uzi, mita moja kutoka msumarini hadi katikati ya jiwe, nikaliachia libembee kidogo tu. Mabembeo 20, kwenda na kurudi, yalichukua sekunde 40.2, yaani 2.01 kila moja. Zidisha 4 kwa mraba wa pai, gawa kwa mraba wa 2.01: unapata karibu 9.8, mchapuko uleule wa mvutano wa dunia ulioandikwa kitabuni. Usiku ule usingizi haukuja upesi, kwa furaha.

Bando likiwepo, pakua mihadhara ya MIT, chuo kikuu cha Marekani, ni bure. Na kila Jumamosi fanya mtihani mmoja wa miaka iliyopita, saa ikiwa mezani.