Kabla ya Kununua Heda za Mustang ya 289

Wengi huanza kwa kuuliza heda, yaani mabomba ya eksozi yanayofungwa kwenye injini badala ya manifoldi ya chuma cha kusubu, zitaongeza nguvu farasi ngapi. Kwa Mustang ya 1965 au 1966, ulizia nafasi kwanza. Ile V8 ya inchi za ujazo 289, yaani lita 4.7, imebanwa na minara ya chuma inayoshika shokabzoba kushoto na kulia. Ford walipotaka kuweka injini kubwa ya 390 mwaka 1967, iliwabidi walipanue gari lenyewe.

Kwa hiyo liinue gari, liegemeze kwenye stendi imara, uingie chini na tochi. Upande wa kushoto kuna boksi la usukani, wenzo wa klachi unaokatiza kutoka kwenye injini hadi kwenye fremu, na filta ya oili. Usukani ukiwa wa pawa, kuna pia silinda yake na mipira inayoning'inia, na heda nyingi zitakudai kibano cha kuishusha silinda hiyo. Giaboksi ya otomatiki ina fito zake za kubadilishia gia. Kulia ipo stata. Muuzaji mtajie haya yote, maana "inaingia Mustang" peke yake si jibu. Na kama gari limehamishiwa usukani kulia, kama wengi wanavyopenda kwenye barabara zetu, heda iliyopindwa kukwepa usukani wa kushoto haikufai mpaka uipime.

Jua pia injini uliyonayo hasa, maana magari ya umri huu yameshabadilishwa vitu vingi. 289 na 302, V8 nyingine ya Ford, zinafanana kwa nje, ila ndugu yao 351 Windsor ni ndefu na pana zaidi, hivyo inataka heda zake. Mtego mwingine ni silinda hedi za GT40P zilizotoka kwenye Ford Explorer za mwishoni mwa miaka ya 1990. Ni nzuri na watu huzipenda, lakini plagi zake zimekaa kwa pembe tofauti, na kwa heda za kawaida mabomba yatachoma kofia za plagi.

Ukubwa wa bomba ndipo watu wanapojidanganya. Kwa 289 ya barabarani, kipenyo cha inchi 1½ hadi 1⅝ kinatosha. Bomba likizidi, moshi unapoteza mwendo kwenye mizunguko ya chini, na gari linakuwa zito kuondoka kwenye taa. Mimi ningechagua Tri-Y: mabomba manne yanaungana mawili mawili, kisha yanakuwa moja. Ndizo zilizofungwa kwenye Shelby GT350 ya 1965, Mustang iliyoongezewa nguvu na Shelby, iliyotangazwa kuwa na nguvu farasi 306 dhidi ya 271 za injini ileile ilivyotoka Ford. Usizipe heda sifa zote, kwani kabureta na manifoldi ya hewa navyo vilibadilishwa. Heda ndefu zaidi zinapendeza kwenye mashindano. Kwenye matuta zinakwaruza.

Upande wa chuma, geji (kipimo cha unene wa bati) 16 ni nene kuliko geji 18, na flanji, yaani bamba linalofungwa kwenye injini, ya inchi 3/8 haipindi upesi. Rangi ya kawaida huungua mapema. Lipia seramiki ukiweza. Utepe wa kuzuia joto hushika unyevu na kuozesha chuma cha kawaida. Ukitaka kihisi cha oksijeni cha kupimia mchanganyiko, kichomelewe kitako chake kabla ya kupaka seramiki.

Jambo linalosahaulika sana ni choki, kile kifuniko cha kabureta kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi. Kabureta ya Autolite ya wakati ule hufunguliwa choki na hewa moto inayovutwa kupitia manifoldi ya kulia. Ukiing'oa manifoldi hiyo ya chuma cha kusubu, choki inabaki imefunga, injini inakunywa petroli na kutoa moshi mweusi. Nunua choki ya umeme pamoja na heda. Weka akiba ya jeti pia, vile vitundu vya kabureta vinavyopima petroli: moshi ukitoka kwa urahisi, mchanganyiko unaweza kupungukiwa petroli, na rangi ya plagi itakuonyesha.

Mwisho, panga na fundi wa eksozi siku hiyohiyo, kwa sababu mabomba ya zamani mara nyingi hayakutani na midomo ya heda. Baada ya safari mbili tatu, injini ikiwa imepoa, kaza bolti zote upya.